Sauti Nilizozikosa Masika Haya

Machi 6

Mpimaji wa masikio amenipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa darasa la pili. Kila jioni niandike sauti nilizozikosa siku hiyo, kisha nirudi kwake mvua zikiisha. Sikwenda kwa hiari. Mke wangu alitangulia kunichukulia namba, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na mkoba wake mapajani, nikaona haya kumwacha pale peke yake.

Binti yule, rika la mwanangu wa mwisho, alinifungia ndani ya kijumba cha vioo akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikabonyeza. Baadaye akanionyesha karatasi. Milio yote ya juu haikunifikia. Nilikuwa nabonyeza kwa kubahatisha, na hata hilo aliligundua.

Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia mimi ni mkaguzi wa boti za zamani.

"Kazi hiyo inahitaji masikio, mzee?"

"Macho tu, mwanangu."

Huo ni uongo, na bado sijamaliza ukurasa wa kwanza.

Nimekosa: birika lililochemka mpaka likakauka.

Machi 7

Nimekosa: simu, mara tatu. Joto. Mvua haijaanza.

Machi 10

Daftari hili halina msomaji, basi niseme ukweli mahali pamoja.

Boti ya mbao iliyozeeka haikaguliwi kwa macho. Rangi mpya humdanganya yeyote. Unaipandisha nchi kavu, unaiacha ikauke siku mbili, kisha unapita na nyundo ndogo ukigonga ubao mmoja mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Ubao mzima hujibu kwa mlio mkali, mfupi. Uliooza hutoa mlio mzito, kama kugonga gunia. Ukitilia shaka, unachoma kwa sindano ya chuma, ile nene yenye mpini. Ikizama bila ubishi, hapo pameoza. Na usihangaike sana na maji ya chumvi, maana hayo hayaozeshi mbao upesi. Adui ni maji ya mvua yanayolala chini ya injini na kwenye pembe za ubao wa nyuma, mahali ambapo hewa haipiti. Haya nimewafundisha wengi. Gatini wananiita Daktari kwa sababu nagonga na kusikiliza.

Ni miaka minne sasa sisikii tofauti ya mlio na mlio. Nilichojifunza ni kumtazama Kalafati. Huyo ni rafiki yangu tangu ujana, fundi wa kuziba nyufa za boti, na nikikagua yeye hunishikia taa. Nikigonga penye uozo, jicho lake la kushoto hujifinya kidogo. Hapo ndipo nachoma. Watu hustaajabu. Yeye mwenyewe hajui kwamba ndiye masikio yangu.

Machi 13

Boti ya mita tisa, mbao, injini ya dizeli yenye umri wa mke wangu na tabia nzuri kuliko yangu. Dalali ameipaka rangi nyeupe, yang'aa kama sahani. Mnunuzi ni mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo, mama mmoja mfupi, mwenye sauti ambayo hata mimi naisikia. Wanafunzi wake wa upande huu hutembea saa mbili kuzunguka maji ili wafike darasani. Wazazi wamechanga miaka mitatu.

Kalafati hakuwepo. Amefiwa na shemeji yake, amekwenda msibani. Ningeweza kusema tungoje. Mwalimu alikuwa ameshavuka, ameshafika, dalali ana wateja wengine, nami sikutaka aulize kwa nini Daktari amngoje mshika taa.

Nikagonga. Nikautazama uso wa dalali, lakini uso wa dalali hausemi kitu, ndiyo kazi yake. Nikaweka kiganja kwenye mbao nikijidanganya kwamba nahisi. Nilipotoa sindano, dalali akanidaka mkono.

"Mzee wangu, rangi ya jana hii! Ukiitoboatoboa nitamuuzia nani? Wewe si ndiye Daktari? Si unasikia?"

Mwalimu alisimama hatua mbili kutoka kwetu. Alikuwa ananitazama kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyoniponza.

"Masikio yangu yananitosha," nikasema. Nikairudisha sindano mfukoni.

Kwenye ripoti nimeandika: Mbao zote zimegongwa, zinajibu vizuri. Inafaa kubeba abiria ishirini na wanne. Ni kweli nilizigonga zote.

Nimekosa: sijui. Hilo ndilo tatizo lenyewe.

Machi 15

Mvua imeanza. Mke wangu anasema inapiga kelele juu ya bati. Naiona tu dirishani.

Machi 21

Mwalimu mkuu amekuja karakana na daftari lake, anataka afundishwe kutunza boti. Alikuja na dereva aliyemwajiri, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mropokaji, anatafuna ubani kama mbuzi na kuvaa ndala hata juu ya boti. Wanamwita Ndala. Sikumpenda. Nilimwambia Mwalimu pembeni kwamba mtu wa namna hiyo huua injini.

Nilijisikia vizuri kufundisha. Kila asubuhi, nikasema, kabla ya kuwasha, fungua sakafu uchungulie chini. Mafuta yakielea juu ya maji, injini inavuja. Shika mipira yote ya maji ya kupozea, ukikuta uliokakamaa au wenye nyufa, badilisha siku hiyohiyo. Kaza mkanda. Pale shafti, kile chuma kinachozungusha panga, inapotokea nje ya boti, maji yakidondoka tone moja moja ni afya, yakitiririka ni ugonjwa. Mvua ikinyesha, funika na turubai, ila uache hewa ipite. Ndala aliandika yote kwenye daftari la shule, pole pole, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo.

Kisha Mwalimu akauliza, "Na ile pampu inayojiwasha yenyewe kutoa maji? Inatema kila baada ya nusu saa. Ni kawaida?"

Nikamwambia boti ya mbao ikikaa juu hukauka, nyufa hufunguka, na ikirudi majini hunywa kidogo. Mbao zikivimba, itaacha. Ipe wiki.

Ni kweli. Ndivyo zinavyofanya boti nzima.

Machi 29

Nilikaa gatini na saa mkononi. Inatema kila dakika ishirini na tano. Wiki imepita.

Aprili 2

Mvua ya mchana kutwa. Dakika kumi na nane.

Aprili 3

Nimekosa: kengele ya mlango, mjukuu alipoita, na jambo ambalo mke wangu alilisema akiwa jikoni. Nilimwambia arudie, akakataa. Nadhani lilikuwa la mapenzi, au la chumvi.

Aprili 8

Dakika kumi na moja.

Kalafati amerudi kutoka msibani. Ningeweza kumwambia twende tukaigonge ile boti nyeupe. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikamuuliza habari za wafiwa, mara ya pili nikamuuliza bei ya pamba ya kuzibia nyufa, ambayo naijua.

Nikimwambia tuigonge, atauliza kwa nini nina wasiwasi na boti niliyoipitisha mwenyewe. Nikijibu hilo, basi nimejibu yote. Mwanamume wa miaka sitini na mmoja, mwenye jina mji mzima, nimeshikwa na hofu ya swali moja kutoka kwa rafiki yangu.

Aprili 11

Mke wangu ameniletea tena karatasi ya kifaa cha sikio. Nikamwambia sitaki kutembea na kitu sikioni kama redio. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda zake kulala. Sikumjibu kwa sababu lile nililisikia vizuri.

Dakika saba.

Aprili 17

Nitaiandika yote.

Saa saba na nusu mchana nilikuwa gatini, mvua ya upepo, nimejikinga chini ya paa la duka la nyavu. Boti nyeupe ikatoka ng'ambo na watoto. Nikaanza kuhesabu dakika. Saba zikapita, pampu haikutema. Kumi. Kumi na mbili. Nikafurahi. Mungu ananiona, nilifurahi, nikasema moyoni mbao zimevimba, imepona yenyewe, na sitalazimika kumwambia mtu.

Kisha nikaona imekaa chini mno. Pampu ilikuwa haitemi kwa sababu ilitema usiku kucha mpaka betri ikaisha. Kuwasha injini, Ndala aliiwasha kwa mkono, akidhani betri imezeeka tu. Katikati ya maji injini ikazima. Mawimbi yakaanza kuigeuza ubavu.

Wazazi waliokuja kupokea watoto walikimbilia ukingoni. Niliona midomo imefunguka. Sikusikia sauti hata moja, ila upepo, ule mvumo wa chini. Kule kwenye boti watoto walikuwa wanachota maji kwa vikopo vya chakula, na mmoja kwa kiatu. Ndala alikuwa amewavua mabegi na kuyatupa yote baharini ili boti iwe nyepesi, amewapanga katikati, wakubwa nje, wadogo ndani, na yeye kajifunga kamba kiunoni. Sikuona mtu anayetafuna ubani. Niliona nahodha.

Boti ya kubebea mchanga iliwafikia ikawavuta. Walikuwa kumi na tisa. Niliwahesabu wakishuka, kisha nikawahesabu tena. Kasichana kadogo kalikuwa kanatetemeka, bado kameshika kikopo chake chenye maji, hakataki kukimwaga. Hakuna aliyekufa. Naandika tena: hakuna aliyekufa.

Aprili 18

Kikao ofisini kwa mwalimu mkuu. Kamati ya wazazi, Ndala, mimi. Nimeitwa kama mtaalamu, nikapewa kiti chenye mto.

Mwalimu akasema, "Mzee wetu, wewe ndiye unayejua. Maji yaliingia wapi?"

Nilijua. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni. Nikawatazama wazazi, mmoja mkono una bendeji kwa kumvuta mwanawe kwenye gati, na nikasema, "Inawezekana ni mpira wa kupozea injini, umelegea. Hivyo ni vitu vya kuangaliwa kila asubuhi."

Macho yote yakamgeukia Ndala.

"Niliangalia, mzee," akasema. "Kila siku. Nimeandika." Akatoa lile daftari, limelowa, akalifungua mezani. Tarehe, mipira, mkanda, mafuta, tone la shafti, siku hata moja haikurukwa. Hakuna aliyelisoma. Daktari alikwisha kusema.

Wamemfukuza. Keshokutwa boti itarudi majini na betri mpya na dereva mpya.

Aprili 19

Sijatoka nyumbani. Sikuona sababu ya kuandika nilichokosa.

Aprili 19, baadaye

Ndala amekuja hapa nyumbani, jioni. Nilidhani amekuja kunipiga, nikaona ni haki yake. Akavua ndala mlangoni, akaketi ukingoni mwa kiti, akamwamkia mke wangu. Kisha akalifungua daftari lake mbele yangu.

"Mzee, samahani kwa kukusumbua. Naomba unionyeshe ni mpira upi. Nimewaza sana sijaupata. Nataka nijue nilipokosea, nisije nikaua watoto wa watu siku nyingine."

Alisema kwa sauti kubwa, pole pole, akinitazama usoni ili niione midomo yake. Huyu mropokaji alikwisha kujua siku nyingi kwamba sisikii, na hakumwambia mtu, na haikumpitia akilini kulitumia kujiokoa.

Nilimwambia nitamtafuta kesho. Sikuweza zaidi ya hapo. Alipoondoka nilimweleza mke wangu yote, kuanzia uso wa Kalafati hadi sindano iliyorudi mfukoni.

"Kutosikia kwako nakujua," akasema. "Nilidhani na gatini wote wanajua. Nilidhani unapewa boti za kuangalia kwa macho. Miaka minne ulikuwa unaondoka hapa asubuhi na nyundo, kwenda kufanya nini, baba?"

Sijawahi kuulizwa jambo zito kama hilo kwa upole kama ule.

Aprili 20

Saa moja asubuhi. Boti ilikuwa bado iko juu ya vigogo, wazazi wamekusanyika, dereva mpya amevaa viatu. Nilimkuta Kalafati nikamwomba aje na sindano. Akacheka: "Leo Daktari anamwita daktari?" Kisha akaniona uso, akaacha kucheka.

Nikasema mbele yao. Sikusema vizuri. Nilisema sisikii, nilisema tangu lini, nilisema ripoti ile ni yangu na nilichokisema juu ya mpira nilikitunga. Mtu mmoja akaniambia niongeze sauti, ikabidi niseme tena tangu mwanzo.

Kalafati aligonga. Mara ya kwanza katika miaka minne nilimshikia mimi taa. Alipofika nyuma, chini ya injini, upande wa kulia, jicho lake likajifinya. Akachoma. Sindano ikazama mpaka mpini. Akaichomoa akachoma pembeni, umbali wa kiganja kimoja, ikazama tena. Akaomba kijiko. Chini ya ile rangi ya sahani mbao ilitoka kama makombo ya keki iliyomwagiwa chai, akazoa vijiko vingi, hadi mkono wake ukaingia. Alipomaliza akajifuta akasema, bila kunitazama, "Ungeniambia tu. Ningekugongea bure." Akakusanya vifaa vyake.

Mwalimu mkuu alikuja akasimama karibu sana nami.

"Ulipokuwa unaniambia niipe wiki, ulijua?"

"Nilikuwa naogopa, Mwalimu."

"Sikukuuliza hilo."

"Nilishuku," nikasema. "Kisha nikajua."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa shukrani. Akamwita Ndala, akamwomba radhi mbele ya watu wote, akamrudishia ufunguo. Ndala aliupokea akapita pembeni yangu. Kisha Mwalimu akanigeukia tena.

"Miaka minne," akasema. "Nyingine ziko ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa boti moja.

Aprili 21

Nimetoa nakala za ripoti zote kabatini. Alizokuwepo Kalafati nimeziweka kushoto, nilizokuwa peke yangu kulia. Za kulia ni kumi na moja, mbali na ile nyeupe.

Aprili 24

Boti ya kwanza, ya mvuvi wa chaza. Nilimweleza. Alinitukana mpaka akachoka, kisha akanisaidia kuipandisha. Kalafati alikuja bila kuitwa, akagonga, mimi nikachoma. Nzima.

Aprili 30

Ya tatu na ya nne, nzima. Ya tano, mataruma mawili, zile mbavu za boti, yameoza. Mwenyewe alikuwa abebe harusi Jumamosi.

Mei 6

Karakana hawanipi kazi tena. Watu wananisalimia kwa kunipungia mkono kutoka mbali, kwa adabu, kama mtu mwenye msiba. Hakuna anayeniita Daktari. Nimekwenda kwa mpimaji na daftari hili, nikamwomba radhi kwa uongo wa siku ile. Akasema mwenye kuficha maradhi kifo humuumbua, kisha akaona haya kumwambia hivyo mtu wa umri wangu. Nikamwambia asione haya, ni kweli.

Kifaa kimefika sikioni. Maji ya bomba ni kelele sana.

Mei 14

Kumi zimekwisha. Saba nzima, tatu mbovu. Mvua zimepungua.

Mei 19

Ya kumi na moja ni ya kijani, mita nane. Mwenyewe ni mzee mwenye duka la rangi, mkarimu, alinikaribisha chai. Nikamwambia nilichokuja kusema, sasa nakisema bila kusitasita. Akaweka kikombe chini.

"Ile boti niliiuza, ndugu yangu. Mwaka juzi. Wageni, walikuwa wanapita, mtu na mkewe na watoto wao. Mnunuzi alikuwa anasita. Nikamwonyesha ripoti yako, akalipa palepale. Hata hakutaka kuipandisha aitazame. Alisema, kama huyu mzee ameigonga, yatosha."

Jina hakumbuki. Namba ya simu aliyokuwa nayo haiiti. Walielekea kusini, anadhani. Labda kaskazini. Akanishika bega akasema itakuwa salama tu, Mungu mwema.

Jioni hii nimeandika tangazo la kupeleka kila gati ninayoijua, na nyingine nisizozijua. Mke wangu ananisaidia kuandika bahasha. Boti ya mbao, mita nane, rangi ya kijani, huenda imepakwa nyingine. Injini ya mitungi mitatu. Dirisha la kushoto lina ufa. Inabeba familia yenye watoto. Tafadhali isiende majini mpaka ichomwe kwa sindano, hasa nyuma, chini ya injini. Mke wangu akasema watu hawatatii tangazo lisilo na sababu, niandike hatari ni ipi.

Nikaandika: Ilikaguliwa na mimi. Nikatia sahihi, ileile iliyo kwenye ripoti, ili wakizilinganisha waamini.